Uliza Anti: Nifanye biashara ninayoijua au ninayoipenda?

Barua za safari hii nimezikusanya pamoja maana karibu zote zinauliza kitu kimoja, yaani mtu ana kahela kake, ana kitu anachokijua na ana kitu anachokipenda, na hivyo viwili havikai nyumba moja. Nimechagua nne. Ya kwanza nitaikalia sana kwa sababu huyu dada kaweka namba, na mi mtu akiweka namba ndo nampenda, wengine mnaandika "nina mtaji wa kutosha" sasa wa kutosha ndo shilingi ngapi jamani.

Shikamoo anti. Mi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, niko Mbeya. Nimefanya kazi duka la hadiwea Mwanjelwa miaka 8, nilianza kwa kuandika risiti sasa hivi bosi akisafiri duka lote naliendesha mimi. Nondo, mabati, bomba, waya, rangi, kila kitu najua bei ya kununulia na ya kuuzia. Nimejikusanyia milioni 7 kwa mchezo na kikoba na nataka kuacha kazi nifungue changu. Shida moyo wangu uko kwenye nguo. Tangu msichana napenda mavazi, nikipita mtaani watu wananiuliza hilo gauni umenunua wapi, rafiki zangu wanasema fungua butiki utatoka. Nimeshapata na frem nzuri Kabwe, laki na nusu kwa mwezi, mwenye nayo anataka miezi 6 mbele. Mume wangu hataki kusikia, anasema fungua hadiwea ndo unachokijua. Lakini anti hadiwea imenichosha, vumbi la simenti, mafundi wanaongea ovyo, kutwa umesimama. Nikiwaza kwamba ndo maisha yangu yote nakosa raha. Mitandaoni wanasema fanya unachokipenda hela itakufuata. Nimsikilize nani? – *Mama wa magauni, Mbeya*

Marahaba mwanangu. Kwanza kabisa hiyo frem usilipe. Hata kama dalali anakupigia kila saa kwamba kuna mtu mwingine anaitaka, mwache huyo mtu mwingine aichukue, frem Mbeya haziishi.

Sasa tukae tuongee. Wewe unaona una chaguo kati ya kujua na kupenda, mi naona swali lako liko pengine. Kwenye biashara yoyote ile kinachokulinda ni kujua hela inapotelea wapi. Faida kila mtu anaijua, hata mtoto ukimwambia gauni linanunuliwa 25 linauzwa 40 atakwambia faida ni 15. Ila hasara imejificha, na inajulikana tu na mtu aliyeshinda dukani mchana kutwa kwa miaka. Ndo maana nataka nikuulize, kwenye hadiwea hasara inatokea wapi? Najua umeshaanza kujibu kabla hujamaliza kusoma. Utaniambia kuna waya unaouzwa kwa mita kijana anakata anazidisha sentimita mbili tatu mpaka roli linaisha halijafikisha hesabu. Utaniambia simenti ikiwekwa chini bila mbao ikavuta unyevu inaganda, mfuko mzima unautupa. Utaniambia fundi anakuletea mteja halafu anataka cha juu chake, usipompa kesho anampeleka duka la pili, ukimpa sana unabaki unauza bure. Utaniambia kuna ule waya wa alumini uliopakwa rangi ya shaba, bei rahisi, mgeni anaununua anafurahi, baada ya mwezi soketi za mteja zimeungua na fundi kamtangaza mtaa mzima. Na kuna yule mzee anayejenga msingi anachukua mzigo kwa neno tu, nikivuna nalipa, anavuna na hujamwona.

Haya niambie sasa, kwenye butiki hasara inatokea wapi?

Umenyamaza. Si kosa lako, hujawahi kuuza nguo, umewahi kuvaa. Ngoja nikwambie mi niliyekaa Kariakoo nikiona watu wanaingia na kutoka. Hasara ya nguo iko kwenye saizi na kwenye rangi na kwenye msimu. Tuchukue kalamu, hesabu yako hii hapa. Pango miezi 6 ni 900,000. Dalali mwezi mmoja 150,000. Kodi ya zuio ya pango asilimia 10, hiyo kisheria inakatwa kwenye hela ya mwenye frem wewe unaipeleka TRA, ila mtaani unajua mwenyewe, wengi wanakwambia mi yangu nataka kamili, kwa hiyo 90,000 inakuangukia wewe. Stempu ya mkataba asilimia 1, 9,000. Kupaka rangi, vioo, taa, madoli ya kuvalisha, rafu, ukijibana sana milioni na nusu. Kwenda Dar kufuata mzigo, zaidi ya kilomita 800 kwenda tu, nauli na kulala na kula na kusafirisha maroba, weka laki 4. Na lazima uache milioni moja pembeni ya kula nyumbani miezi ya kwanza, usiponisikiliza hapa mtakula mtaji na watoto. Jumlisha, utapata 4,049,000. Kwenye milioni 7 umebakiwa na 2,951,000 ya kununulia nguo. Tuseme gauni moja linakufikia dukani kwa 25,000, hapo una magauni 118.

Magauni 118 unaona mengi eeh? Sasa mtindo mmoja wa gauni inabidi uwe nao saizi tano, kuanzia zile ndogo mpaka XXL, na rangi tatu, hayo ni magauni 15 kwa mtindo mmoja. Kwa hiyo butiki yako yote nzima ina mitindo 7 na wa nane haujakamilika. Kastoma anaingia anazunguka dakika mbili kashamaliza duka. Wiki mbili tatu za mwanzo rafiki zako watakuja, zile M na L zitaondoka haraka, nusu yake kwa mkopo wa kulipa mwisho wa mwezi, halafu utabaki na saizi ndogo za rangi ya njano ambazo hakuna mtu anazitaka na hela ya kwenda tena Dar iko ndani ya hizo njano. Na bado sijasema Mbeya ni baridi, mwezi wa sita na wa saba ukileta yale magauni ya mikono wazi yanayopendeza Dar watu watakuangalia tu wamevaa masweta yao. Muuza nguo wa Mbeya aliyekomaa hayo anayajua hata kwenye usingizi, anajua saizi gani inatoka, anajua wanafunzi wa vyuo wananunua lini na walimu wananunua lini. Wewe ungeyajua baada ya mwaka, kwa ada ya milioni 7.

Halafu kuna hili la kupenda. Unapenda nguo sawa, ila unapenda kuvaa au unapenda kuuza? Maana mtu atakuja atajaribu magauni sita, la mwisho ataliacha na lipstiki shingoni, atasema nitapita jioni, hapiti. Hiyo ndo kazi yenyewe, siku baada ya siku. Kama bado unaipenda basi vizuri, ila hujawahi kuionja.

Sasa usikimbilie kwa mumeo kumwambia anti kasema umeshinda. Na yeye kapatia jibu kakosea sababu. Milioni 7 haifungui hadiwea kama ya bosi wako. Ukinunua nondo na mabati kidogo tu hela imekwisha na duka bado linaonekana tupu, na hiyo simenti inatengenezwa hapo hapo Songwe, kila mtu anaiuza na bei yake kila mtu anaijua, faida kwenye mfuko ni chenji, unabeba uzito na vumbi kwa ajili ya chenji. Kujua biashara ya mtaji mkubwa hakukufanyi uiweze kwa mtaji mdogo, watu wengi waliofanya kazi kwa tajiri wanaanguka hapo, wanafungua duka linalofanana na la tajiri wakati tajiri yeye alianza na misumari.

Mi ningekuwa wewe ningekata kipande. Vifaa vidogo vya bomba na umeme peke yake, elbow, tii, koki, gundi, tepu, soketi, swichi, waya wa 1.5 wa taa na wa 2.5 wa soketi, holda, misumari na vitasa. Havina vumbi la simenti, havihitaji kuli, havina saizi ya njano, mwaka mzima elbow ya nusu inchi ni elbow ya nusu inchi. Na usiweke mjini, nenda huko watu wanakojenga sasa hivi, pembeni huko kuelekea Uyole, ambako fundi akiishiwa tepu inabidi apande bodaboda mpaka Mwanjelwa. Frem huko ni rahisi na mwenye nayo hana maringo.

Na kuna mtaji wako mwingine hujauandika kwenye barua, mi nimeuona. Miaka 8 umekuwa ukipokea mizigo, wale wauzaji wa jumla wanakujua kwa sura na wanajua hela ya bosi haikupotea mkononi mwako. Hao wanaweza kukupa mali kauli, mzigo unachukua leo unalipa ukiuza, hata wakikupa wa laki 5 tu kwa kuanzia. Butiki nani atakupa mali kauli? Hakujui mtu Kariakoo. Ila bosi wako muage vizuri, usifungue karibu yake, usimnyang'anye mafundi wake, ikiwezekana kanunue kwake kwanza kwa bei ya jumla, bosi wa zamani akiwa upande wako ni mlango mkubwa.

Umesema umechoka. Hapo nimesoma mara mbili. Jiulize usiku ukiwa umetulia, umechoka na vifaa vya ujenzi au umechoka kusimama kutwa kwenye duka la mtu mwingine kwa mshahara? Ni vitu viwili tofauti na watu wanavichanganya. Ukiona hata ukijifikiria umekaa kwenye kiti chako, daftari lako, hela ni yako, bado roho inakataa, basi kweli usiende huko, mtu asiyependa duka lake analifungua saa nne na kulifunga saa kumi, na hapo hata ujuzi haumsaidii.

Nguo nazo usiziache. Anza leo ukiwa bado kazini, piga picha weka WhatsApp status, chukua oda na mtu alipe nusu kabla, halafu unaagiza. Hubaki na stoku. Andika kwenye daftari kila oda ni saizi gani, rangi gani, mtu wa aina gani, kalipa lini, alirudisha kwa sababu gani. Fanya hivyo miezi sita, ukikuta wageni wasiokujua ndo wengi kuliko rafiki zako, niandikie tena tutaongea habari ya frem ya Kabwe. Na hiyo milioni 7 ni jasho lako, mumeo asikilizwe kama mume lakini uamuzi wa mwisho ni wa aliyechezea mchezo.

Habari anti. Mi ni mwalimu, nafundisha Singida. Napenda sana ufugaji, ni pasheni yangu. Kuna grupu nimeungwa WhatsApp wameweka mchanganuo wa kuku wa nyama 500, ndani ya wiki 5 unapata faida nzuri kuliko mshahara wangu wa miezi mitatu. Nataka kuchukua mkopo wa benki wa wafanyakazi milioni 5 nijenge banda. Sijawahi kufuga kuku wa kisasa ila mama yangu kijijini amefuga kienyeji maisha yake yote. Ushauri tafadhali. – *Ticha*

Ticha, hiyo uliyonayo mi siiti pasheni, unapenda mchanganuo. Kuku wenyewe hujakutana nao.

We ni mwalimu kwa hiyo nitakupa hesabu. Kuku wa nyama mmoja mpaka wiki ya tano anakula kama kilo 3 na nusu za chakula. Mara 500 ni kilo 1,750, ambayo ni mifuko 35 ya kilo 50. Chakula ndo kinakula sehemu kubwa kuliko zote ya gharama, kwa hiyo mfuko ukipanda elfu tatu tu faida ya kwenye mchanganuo inaanza kuyeyuka. Hiyo bado ndogo. Kubwa ni hii, kuku akishakua haachi kula. Kuku 500 waliokomaa wanakula si chini ya kilo 75 kwa siku, yaani mfuko mmoja na nusu kila siku inayopita mteja hajaja. Mteja akikuzungusha siku 10 umeshamwaga mifuko 15 ambayo haikuwepo kwenye mchanganuo, na yeye anajua, wanunuzi wa kuku wanajua kabisa kwamba mfugaji mgeni kila siku inayopita analainika bei. Hapo hasara inapotokea, siku ya kuuza. Na hasara nyingine ni wiki mbili za kwanza, baridi ya usiku vifaranga wanalundikana wanakandamizana wanakufa, au chanjo ya mdondo ya siku ya 7 umeikumbuka siku ya 9, au ya gumboro, ugonjwa mwingine wa kuku, ya siku ya 14 umeiweka kwenye maji ya bomba yenye dawa ikafa kabla hawajanywa. Wewe saa hizo uko darasani. Nani yuko bandani?

Sasa mbona umempita mama yako hapo kwenye barua kwa mstari mmoja? Uko Singida ndugu yangu, mkoa ambao kuku wake wa kienyeji wanapandishwa magari mpaka Dar na watu wanawaulizia kwa jina la mkoa. Mashudu ya alizeti yako hapo hapo, ambayo wafugaji wa mikoa mingine wanayanunua na nauli juu. Mama anajua kuku anayeatamia vizuri, anajua mwewe anakuja saa ngapi, anajua nani anapita kununua na kwa bei gani mwezi wa 12. Anachokosa mama labda ni kimoja, mdondo ukipita unafagia banda zima, na chanjo ya I-2 ya tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu ipo, inatengenezwa Kibaha, bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na kuku mmoja. We msomi kazi yako iwe hiyo, chanjo na daftari na kutafuta soko la mjini, mama awe bwana kuku mkuu. Muwe na makubaliano ya kugawana, usimfanye mama kibarua wa bure.

Ukitaka hao wa nyama bado, sawa, anza na 50 kwa hela ya mfukoni, bila mkopo. Fuga mizunguko kadhaa, andika waliokufa na siku waliyokufa na kilo za chakula. Mkopo wa mshahara unakatwa kila mwezi kuku wawepo wasiwepo.

Anti mambo. Mi ni nesi, Tanga. Naoka keki nyumbani weekend, nimejifundisha mwenyewe kupitia YouTube, sasa nina mwaka wa tatu na oda zinatoka hata kwa watu nisiowajua. Kwa mwezi napata kama keki 8, nauza kilo moja 35,000. Vifaa vya keki moja vinanitoka kama 17,000. Naipenda hii kazi kuliko wodi, natamani kuacha kazi nioke tu. Mshahara wangu mkononi ni kama laki 7. – *Nesi wa keki*

Poa mdogo wangu. Wewe huna ugomvi wa kujua na kupenda, miaka mitatu na wageni wanaagiza, kupenda kwako kumeshakuwa ujuzi, hongera. Tatizo lako ni bei tu.

Umeandika vifaa 17,000. Boksi na kile kibao cha chini je? Tuseme 3,000. Gesi na umeme 2,000. Bodaboda ya kupeleka, kwa sababu najua watu wa Tanga mnapelekeana keki mpaka mlangoni, 3,000. Imefika 25,000. Umebaki na 10,000 na hiyo ndo mshahara wako kwa kuoka, kupoza, kupaka krimu, kuandika jina na kulilia jina likikosewa, masaa matano kama si sita. Keki 8 ni 80,000 kwa mwezi. Ili uipate laki 7 yako inabidi uoke keki 70 kwa mwezi, zaidi ya mbili kila siku pamoja na jumapili, kwa oveni moja ya nyumbani na mikono miwili. Kabla hujafika 70 mgongo utakuwa umeshakupeleka wodini kama mgonjwa.

Kwa hiyo usiache kazi. Pandisha bei kwa wateja wapya, 45,000, wa zamani waambie mapema kwamba mwezi ujao na wao inapanda. Wengine wataondoka, waache waondoke, ukibaki na keki 6 zinazokuachia 20,000 kila moja una 120,000 kwa kazi ndogo kuliko ya zamani. Bodaboda alipe mteja. Nusu ya hela ilipwe kabla hujavunja yai, hata kwa shemeji, hasa kwa shemeji. Halafu chunguza oda za harusi na send-off, maana keki ya ngazi tatu hailipwi kwa kilo, inalipwa kwa kazi ya mikono, na Tanga harusi haziishi. Ukifika mahali keki zinakuingizia nusu ya mshahara miezi sita mfululizo, hiyo ndo siku ya kuanza kufikiria likizo bila malipo, kuacha kazi bado.

Anti mi nina miaka 23 nipo Dodoma, nimemaliza form four, sina ujuzi wowote na kusema kweli sioni kitu chochote ninachokipenda zaidi ya mpira. Baba kanipa laki 3 nianze biashara. Nianze na nini? – *Dogo*

Dogo, hiyo laki 3 mpe mama yako akutunzie, baba asijue. Kwa sasa huhitaji mtaji, unahitaji mahali pa kukaa uangalie watu wanavyouza.

Na usiniambie huna unachokijua. Mpira unaupenda, sawa, unajua jezi za timu gani zinaulizwa mtaani kwenu wiki ya dabi ya Simba na Yanga, unajua kibanda gani cha kuonyesha mpira kinajaa na kipi hakijai na kwa nini, unajua mwenye kibanda anauza soda ngapi mapumziko. Huo ni mwanzo. Nenda kwa mwenye kibanda kinachojaa mwambie nataka kukusaidia, kukata tiketi, kupanga mabenchi, kuuza maji. Au nenda pale soko la machinga kwa muuza jezi anayeuza kweli, si rafiki yako anayepiga stori. Miezi mitatu minne angalia tu, mzigo anautoa wapi, jezi za msimu uliopita anazifanyaje, nani anamkopa, jioni akihesabu hela anakunja uso kwa sababu ya nini. Hicho kinachomkunja uso ndo ukiandike.

Na siku ya kwanza ukienda usiulize mshahara. Muombe nauli na chakula cha mchana, na fika kabla yake.